Visogo vya Nairobi na Chumvi ya Chalbi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini picha zako za maandamano ya Nairobi zimejaa visogo, na zile za jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, zimetoka za kijivu ilhali chumvi ile ni nyeupe pe. Kamera yako ni nzima.

Visogo vinatokana na kuandamana. Ukitembea pamoja na umati, wote wanatazama unakotazama wewe. Watangulie hatua hamsini hivi, tafuta kona ambako msafara utapinda, ujibanze ukutani uwasubiri. Hapo nyuso na mabango vitakujia vyenyewe. Kabla hawajafika, jua njia mbili za kutokea.

Lenzi ya milimita 35 inatosha. Weka tundu la lenzi kwenye f/8 na ufokasi kwa mkono kwenye mita 3. Kwa kamera ya fremu nzima kama yako, kila kilicho kati ya mita 2 na 7 kitatoka wazi, wala fokasi haitarukia bango linalopita mbele. Kasi ya shata isishuke chini ya 1/500 ya sekunde. Watu wakianza kukimbia, panda hadi 1/1000. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iachie kamera yenyewe ipange, mwisho 3200, maana Moi Avenue unatoka juani na kuingia kivuli cha maghorofa kwa hatua mbili tu.

Vitoa machozi huacha unga laini kwenye kioo. Usiufute kwa shati, utakikwaruza. Upulize kwanza kwa kipulizio cha mpira, ndipo utumie kitambaa safi. Simama upande upepo unakotokea.

Sasa jambo linaloninyima usingizi. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, lakini picha yako inaweza kumfuata mtu hadi mlangoni kwake. Baada ya maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha, wapo vijana waliotekwa. Kwa hiyo zima GPS kabla ya kutoka nyumbani. Uso wa mtu asiyetaka kujulikana uzibe kwa rangi nzito. Ukungu ambao programu huuweka juu ya uso wakati mwingine huweza kufumbuliwa. Halafu hifadhi nakala mpya na utume hiyo. Ile halisi isipite kwenye simu kabisa. Simu yenyewe ifunge kwa namba ya siri, si kwa alama ya kidole.

Kuhusu Chalbi: kipimamwanga hudhani kila kitu duniani kina wangavu wa kijivu cha wastani. Kikiona uwanda wa chumvi, kinaupunguza mwanga hadi ufanane na jivu. Ongeza fidia ya mwanga ya +1, hata +1.5, kisha utazame histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha: mlima wake usogee kulia bila kugusa ukingo.

Kule jua hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo kivuli kirefu hakidumu. Uwe umeshasimamisha tripodi kabla halijachomoza. Adhuhuri usihangaike na lenzi ndefu. Hewa ya moto hutikisa kila kitu cha mbali na mazigazi hula upeo wa macho, na hakuna lenzi inayotibu hilo. Uwanda mtupu pia hauna kipimo. Ngamia mmoja wa Wagabra, wafugaji wa huko, kwa mbali huuonyesha ukubwa wake, ila mwenyewe aombwe ruhusa kwanza.

Usibadilishe lenzi kwenye upepo. Vumbi likiingia kwenye kihisi, kile kinachopokea picha ndani ya kamera, ukifunga tundu hadi f/16 utaona madoa meusi angani. Baki kwenye f/8 au f/11. Mvua ikinyesha, gari lisikanyage uwanda, kwani chini ya gamba la chumvi kuna tope. Na miguu ya tripodi ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi jioni hiyohiyo, kabla kutu haijaanza.

Zile za kijivu usizifute. Kama ulipiga faili ghafi (RAW), zipandishe mwanga hatua moja kwenye programu ya kuhariri, nyingi zitapona. Niletee ukija Jumapili tuzitazame pamoja.

Mama yako