Kabla hujahama kampuni, ulizia mnara

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nipo Ipuli, Tabora Mjini. Nyumbani tunatumia rauta ya 4G, huu mwaka wa pili. Asubuhi haina shida, ila ikifika saa moja jioni mtandao unakuwa mzito mpaka saa nne na nusu. Binti yangu anasoma Chuo Kikuu Huria na vipindi vyake ni mida hiyo hiyo. Baba yao naye amefunga kamera mbili za ulinzi ili aangalie nyumba akiwa safarini Mpanda, nazo zinaganda. Huduma kwa wateja nimewapigia hadi nimechoka, jibu ni zima uwashe. Nataka kuhama. Nihamie kampuni gani? (Mama wa watatu, Ipuli)

JIBU: Pole sana, mama. Hilo la zima uwashe nalifahamu vizuri, nimewahi kulisema mwenyewe nikiwa upande wa pili wa simu.

Sitakutajia kampuni moja, wala si kwa kuogopa. Kampuni inayokimbia Cheyo inaweza kutambaa Ipuli. Kinachoamua ni njia ambayo data inapita kutoka nyumbani kwako hadi kwenye mkongo (nyaya kuu za mawasiliano zinazounganisha miji), na njia hiyo unaweza kuichunguza mwenyewe kabla hujatoa hata shilingi.

Anza na hiyo saa moja uliyoitaja. Mnara wa 4G una uwezo wake, na uwezo huo wanagawana wote waliounganishwa kwa wakati mmoja. Jioni watu wamerudi makwao, kila mmoja na simu yake, video zinafunguliwa, na fungu lako linapungua. Rauta itakuonyesha vijiti vyote vimejaa na bado ukurasa unazunguka tu, kwa sababu vijiti vinapima nguvu ya mawimbi, havipimi msongamano.

Sasa fanya hivi. Geuza rauta, chini yake pameandikwa anwani, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1. Iandike kwenye kivinjari cha simu iliyounganishwa na waifai ya nyumbani, ingia, tafuta sehemu ya taarifa za mtandao. Utaona RSRP, ambayo ni nguvu ya mawimbi, na SINR, ambayo ni usafi wake. RSRP ya -85 ni nzuri, -100 inavumilika, ikifika -110 ni dhaifu sana. SINR ikizidi 15 uko vizuri, ikikaribia sifuri ni makelele matupu. Soma namba hizo saa nne asubuhi, uzisome tena saa mbili usiku, na kila mara pima spidi. Fanya siku tatu, uandike kwenye daftari.

RSRP ikibaki nzuri saa zote na spidi ndiyo inayoanguka usiku, mnara umejaa na hakuna utakachofanya ndani ya nyumba. Ikiwa ni mbaya tangu asubuhi, usihame kwanza, hamisha rauta. Kuna mteja wangu Kiloleni aliweka ya kwake juu ya friji, nyuma yake kabati la chuma, ukuta wa tofali za kuchoma, bati juu. Ilikuwa inasoma -109. Tuliisogeza hadi dirisha linalotazama mnara, ikasoma -94, na barua aliyokuwa ameandika ya kuvunja mkataba ikaishia kwenye droo.

Tuseme kwako ni msongamano, maana dalili ndizo hizo. Njia nyepesi ni kujaribu laini za kampuni nyingine kabla ya kununua rauta zao. Wapo Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL na Yas (ile tuliyoizoea kama Tigo hadi 2024). Nenda na kitambulisho chako cha NIDA, au azima simu za majirani zenye laini tofauti. Weka bando dogo la siku, kaa sebuleni kwako saa mbili usiku, pima. Usipime mjini kwenye duka la wakala, hapo kila kampuni ni nzuri.

Tahadhari ndiyo iliyonifanya niandike kichwa cha habari kile. Minara mingi nchini haimilikiwi na kampuni ya simu inayoitumia. Inamilikiwa na kampuni za minara, kama Helios Towers, na kampuni mbili au tatu za simu hupanga juu ya mlingoti mmoja. Niliwahi kufungia ofisi moja hapa mjini laini mbili za kampuni mbili tofauti, nikajisifu kwamba hawatakosa mtandao tena. Umeme ukakatika, jenereta la mnara likaishiwa mafuta, laini zote mbili zikafa dakika moja. Zilikuwa juu ya chuma kimoja. Tangu siku hiyo, kabla sijashauri laini ya pili, natoka nje naangalia mawimbi yanatoka upande gani. Programu ya simu ya kuonyesha minara nayo itakusaidia: iangalie kwa kila laini, ulinganishe mahali inapokadiria mnara wake ulipo.

Faiba, yaani intaneti ya waya unaopitisha data kwa mwanga, ndiyo ningeipenda kwako, kama ipo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaoendeshwa na TTCL, unafika Tabora, na kampuni nyingine hukodi uwezo humo. Lakini mkongo kufika mjini si sawa na waya kufika Ipuli. Usiulize ofisini tu, maana utaambiwa tutafika. Tembea mtaani kwako uangalie nguzo: waya mwembamba mweusi uliokunjwa duara na kufungwa juu ya nguzo, pamoja na kisanduku cha plastiki chenye matundu ya waya kwa chini. Ukikiona ndani ya nguzo tatu au nne kutoka kwako, piga picha uende nayo kaunta. Uliza kama kisanduku hicho kina nafasi. Wakija kufunga, kifaa cha ndani kitakuwa na taa ya PON, ambayo iwake kijani bila kupepesa, na taa ya LOS, ambayo ikiwa nyekundu mwanga haufiki, na hapo fundi asiondoke.

Faiba haikuhusishi na mnara uliojaa, ila nayo ina siku zake. Mei 12, 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu kwa pamoja na intaneti ya nchi nzima ikadorora, ya faiba na ya simu. Siku ya namna hiyo kuhama kampuni hakukusaidii sana, isipokuwa kama hiyo mpya ina njia nyingine ya kutoka nje.

Wapo pia wanaorusha intaneti kwa sahani ndogo inayofungwa juu ya paa na kulenga mlingoti wao. Ni nzuri, ila inataka kuonana macho kwa macho na mlingoti, na sisi watu wa Tabora miembe yetu mnaijua. Majani yenye maji hunyonya mawimbi, hivyo sahani iliyofungwa kiangazi itakusumbua masika. Panda ngazi na fundi, muone mlingoti wenyewe, sio paa la jirani.

Setilaiti nitaigusa tu. Huduma ya intaneti nchini inatakiwa iwe na leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), na orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti yao. Kifaa kilichosajiliwa nchi jirani, ukiuziwa na mtu aliyekivusha mpakani, kinaweza kukimbia vizuri hadi siku kitakapozimwa, na siku hiyo hutakuwa na ofisi ya kulalamikia.

Ukifika kaunta, usitishwe na neno bila kikomo. Uliza spidi inashuka hadi ngapi ukishafikisha kiasi gani cha data, wakuandikie. Uliza spidi ya kupandisha, siyo ya kushusha peke yake. Video moja nzuri inataka kama Mbps 5 (megabiti kwa sekunde) za kushusha, lakini kamera ya megapikseli 2 kwa ubora kamili inahitaji kama Mbps 2 za kupandisha, na mnazo mbili. Hapo ndipo baba anapoganda Mpanda. Hata leo, kabla ya kuhama, kwenye programu ya kamera chagua mkondo wa ubora wa chini mnapoangalia mkiwa mbali.

Na kama kamera zenu zinahitaji kufunguliwa njia kwenye rauta ili zionekane kutoka mbali, badala ya kupitia seva (kompyuta kuu) ya mtengenezaji, angalia anwani ya nje iliyoandikwa kwenye rauta. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mmefungwa nyuma ya anwani moja pamoja na wateja wengine na kamera hazitafikiwa moja kwa moja kutoka nje. Kampuni mpya iulizwe mapema kama inatoa anwani ya umma, na kwa bei gani.

Laini ya zamani usiirudishe. Iache kwenye droo na bando dogo kwa mwezi mmoja, na ununue betri ndogo ya volti 12 ya kuwashia rauta umeme ukikatika. Ukishapata zile namba za siku tatu, nitumie, pamoja na picha ya nguzo.