Mama asiyezoea mazoezi aanzie kwenye kiti, si barabarani

Mdogo wangu, umeeleza kwamba mama yako ana miaka 68, kisukari cha aina ya pili kimemwanza miaka 12 iliyopita, na tangu astaafu anashinda amekaa. Daktari kamwambia "fanya mazoezi", nanyi hamjui aanzie wapi, tena mnaogopa sukari isije ikamshuka. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, kwa sababu hapo alipo mama nilikuwepo. Nina miaka 70, kisukari nimeishi nacho miaka 19, na mazoezi nilianza nikiwa na 64. Nilianza vibaya.

Mimi pia niliambiwa hilo neno moja tu. Kesho yake asubuhi nikameza glibenklamaidi, kidonge changu cha kushusha sukari, nikasema nitakula nikirudi, nikatoka kutembea karibu saa nzima kwa mwendo wa haraka. Wakati wa kurudi jasho la baridi likanitoka, mikono ikaanza kutetemeka, macho yakaingia ukungu. Nilipofikishwa nyumbani kipimo cha sukari kilisoma 3.1 mmol/L. Jioni nikivua viatu nikakuta lengelenge limepasuka chini ya kidole gumba. Sikuwa nimelihisi, maana nyayo zilishaanza ganzi. Kidonda kile kilichukua wiki saba kufunga. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilikaa miezi minne mingine bila kujishughulisha, nikiamini mazoezi si ya mtu wa hali yangu.

Aliyeninyanyua ni mtaalamu wa fiziotherapia. Hakunitoa nje hata kidogo. Aliegemeza kiti imara ukutani, akanikalisha, akaniambia nisimame bila kushika chochote. Nilishindwa. Nilijaribu tena, nikashindwa tena, na siku ile ndipo nilipotambua miaka ya kukaa imenila kiasi gani.

Alinieleza jambo ambalo nataka mama naye alielewe, kwa kuwa mtu mzima akijua sababu hufanya kwa moyo. Sukari nyingi tunayokula huishia kwenye misuli, na misuli mikubwa kuliko yote iko kwenye mapaja na makalio. Msuli ukifanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu wenyewe, hata kama insulini ya mwili haina nguvu tena. Zoezi likiisha, mwili hubaki ukiitikia insulini vizuri zaidi kwa saa 24 hadi 72. Ndiyo maana inashauriwa zisipite siku mbili mfululizo bila zoezi. Anayeshinda amekaa hupoteza misuli hiyo mwaka hadi mwaka, kwa hiyo sukari inakosa pa kwenda, na miguu inakosa nguvu ya kumdaka siku akijikwaa.

Kwa hiyo aanze na kiti. Akae mbele kidogo ya kiti, miguu imekanyaga sawasawa, ainuke akitoa pumzi, ashuke taratibu bila kujitupa. Kushuka polepole kunajenga paja kama kuinuka, tena wengi hukupuuza. Akihitaji kujisukuma kwa mikono, ajisukume. Nami nilianza hivyo, mara nne tu, kisha napumzika. Asibane pumzi wala kujikamua, hasa kama kisukari kimegusa macho yake, kwa sababu kujikamua hupandisha presha ghafla na mishipa dhaifu ya jicho inaweza kuvuja damu. Afanye hivyo siku mbili au tatu kwa wiki, akipumzika siku moja katikati. Baadaye aongeze kusukuma ukuta kwa mikono, kuinuka kwa vidole vya miguu akiwa ameshika kitu kisichosogea, na kusimama kwa mguu mmoja huku mtu yuko kando yake.

Baada ya wiki kadhaa mpime: ainuke na kukaa kwa sekunde 30, mikono imekunjwa kifuani. Kwa mwanamke wa umri wake, chini ya mara 11 ni dalili kwamba miguu bado dhaifu na anaweza kuanguka kirahisi. Msikate tamaa mkipata tatu. Mimi ilinichukua miezi mitatu kufika 12.

Kutembea nako kuna nafasi yake, ila kwa vipande. Dakika tano hadi kumi baada ya kula zinafaa sana, maana ndio wakati sukari inapanda. Lengo linalotajwa kila mahali ni dakika 150 kwa wiki, nalo ni zuri, lakini kwa mtu aliyekaa miaka likitajwa siku ya kwanza humvunja moyo. Mwendo unaofaa ni ule unaomruhusu kuzungumza lakini asiweze kuimba. Kama anatumia dawa za presha aina ya atenololi au propranololi, msitegemee kuhesabu mapigo ya moyo, kwani dawa hizo huyapunguza. Tena zinaweza kuficha mapigo ya kasi na kutetemeka sukari inaposhuka. Jasho ndilo hubaki kuwa dalili.

Sasa hofu yenu ya sukari kushuka. Jibu liko kwenye dawa zake. Kama ni metformini peke yake, uwezekano ni mdogo. Kama ni insulini, glibenklamaidi, gliklazaidi au glimepiraidi, apime kabla ya kuanza. Chini ya 5.0 ale kitu kwanza. Ikishuka chini ya 4.0 aache zoezi papo hapo, anywe gramu 15 za sukari, yaani vijiko vidogo vitatu hadi vinne kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15. Ikiwa juu sana, tuseme 14 na zaidi, naye anajisikia mgonjwa, ana kiu kali au anatapika, siku hiyo si ya mazoezi, ni ya kwenda kwa daktari. Sukari inaweza kushuka hata usiku baada ya zoezi la mchana, kwa hiyo wiki za mwanzo apime kabla ya kulala pia. Na dawa asipunguze mwenyewe. Mimi daktari alinipunguzia baada ya kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kushuka kutoka asilimia 8.9 hadi 7.8.

Miguu yake ikagueni kila jioni, nyayo na katikati ya vidole, na avae viatu vilivyofungwa pamoja na soksi hata akiwa ndani. Akisikia kifua kinabana, au kizunguzungu kila anaposimama, aache hadi apimwe.

Kisha usimwachie peke yake. Mke wangu hana kisukari, lakini aliweka kiti chake kando ya changu, tukawa tunainuka pamoja huku yeye akihesabu kwa sauti. Siku nilizokuwa mzito, kiti chake ndicho kilichonitoa kitandani. Mwombe mama ufanye naye wiki ya kwanza yote. Na kabla hamjaanza, niandikie hapa majina ya dawa anazomeza na saa anazozimeza.