Uliza Ujibiwe: Natoka masjala naenda usimamizi wa maarifa, nafanya sawa?

SWALI: Shikamoo mshauri. Mi nimekaa masjala muda mrefu, kazi yangu mafaili na barua, zinazoingia na zinazotoka. Juzi kati nikaona tangazo wanatafuta afisa usimamizi wa maarifa, kuwaambia wenzangu wakanicheka eti hayo ni mafaili yaleyale ila yamevalishwa tai. Hii kazi ipo kweli au ni jina tu? Na lazima nikasomee kompyuta kwanza?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kazi ipo, ni kuhakikisha wanachokijua wafanyakazi hakipotei na kinawafikia wenzao, na hao wanaokucheka wamepatia nusu. Faili linakuonyesha kilichoamuliwa, basi. Halikwambii kwa nini mzabuni mwenye bei ya chini alikataliwa, wala kwamba yule mteja mkubwa ukimtumia imeli hajibu mpaka umpigie simu. Hayo yako kichwani mwa mtu, siku akistaafu anaondoka nayo, mnabaki na kabati limejaa makaratasi na hakuna anayejua pa kuanzia. Mwanafalsafa Michael Polanyi aliandika mwaka 1966 kwamba tunajua mengi kuliko tunavyoweza kuyasema, na ukiniuliza mimi hiyo ndo shida yenyewe utakayokuwa unalipwa mshahara kupambana nayo.

Mfano ninaoupenda ni wa Xerox. Mafundi wao wa mashine za fotokopi walikuwa na vitabu vya maelekezo, lakini hitilafu ngumu walikuwa wanazitatua kwa kupiga stori wenyewe kwa wenyewe, hili lilionekana baada ya mtafiti Julian Orr kukaa nao na kuzunguka nao kazini. Miaka ya 1990 kampuni ikatengeneza mfumo ukaitwa Eureka, fundi akigundua ujanja anauandika, wenzake wanauhakiki, ukipita unawekwa na jina lake. Jina lake, sio bonasi! Sa angalia mpangilio: kwanza watu wakasikilizwa, ndo kompyuta ikafuata. Ofisi nyingi zinafanya kinyume, zinanunua programu ya gharama, wafanyakazi wanalazimishwa kupakia vitu, baada ya muda ina folda kibao ambazo hata aliyezipakia hazifungui.

Kwahiyo digrii ya kompyuta sio lazima, ila uwe unaweza kujifunza mfumo mpya bila kuogopa. Ulichonacho tayari ni mtaji, unajua kuainisha, unajua nini kitunzwe mpaka lini na nani haruhusiwi kukiona (hili la mwisho watu wa fani wanalisahau sana, wanataka kila kitu kiwe wazi mpaka taarifa za mishahara na afya za watu). Kama mmekuwa mnafuata ISO 15489, kile kiwango cha kimataifa cha utunzaji kumbukumbu, kitaje kwenye usaili. Halafu tafuta ISO 30401 ya mwaka 2018, hiyo ndo ya usimamizi wa maarifa, uielewe kabla hujaingia kwenye hicho chumba.

Unachopungukiwa ni kuhoji watu. Ukimuuliza mzee anayestaafu "unajua nini kuhusu kazi hii" atakwambia ya kawaida tu, yameshaandikwa. Muulize mara ya mwisho mambo yalipoharibika alifanya nini, aligundua vipi, alimpigia nani, hapo ndo utachoka wewe kuandika. Jifunze pia kile kikao kifupi cha baada ya kazi kilichoanzia jeshi la Marekani: tulitarajia nini, kimetokea nini, kwa nini imekuwa tofauti, safari ijayo tufanyeje. Anza hapohapo masjala, omba ruhusa kwa bosi, mhoji mtu mmoja anayekaribia kuondoka, andika kurasa chache ambazo mrithi wake atazitumia kweli. Ukienda na hiyo kwenye usaili ina uzito kuliko vyeti vya semina.

Ila nisikudanganye, bajeti ikibana kitengo hiki huwa cha mwanzo kuangaliwa kwa jicho baya, maana faida yake haionekani haraka. Jishikize kwenye shida inayomuuma bosi, mfano wageni kazini wanachukua muda mrefu kuzoea, au kosa lilelile linarudiwa kila mradi.

SWALI: Mi tayari niko kwenye kitengo hicho ila wazoefu hawataki kusema wanachojua, wanaogopa wakishakisema watapunguzwa. Niwafanyeje?

JIBU: Na kama ofisi yenu imeshawahi kumpunguza mtu baada ya kumkamua, wako sahihi kuogopa, wala usiwalazimishe. Nenda kwa bosi kwanza, apatikane mtu atakayesema waziwazi kwamba kufundisha wenzio kunahesabiwa kwenye tathmini ya mwaka, na kweli kuhesabiwe. Akikataa, hamna fomu utakayobuni ikafanya kazi. Akikubali anza na wale wanaopenda kufundisha, kila ofisi wapo, na usiwape fomu wajaze, kaa nao andika wewe, kisha wasome wakurekebishe.