Kabla ya Kulipa Karo, Omba Kuiona Karakana

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, yakitoka, simu yangu haitulii. Mara ni mama wa mtaani kwetu Likoni, Mombasa, mara ni ami, mara ni mtoto mwenyewe: "Dada, nimepata D, sasa nifanyeje?" Huwaambia wote kwamba D si msiba. Stashahada hutaka wastani wa C-, kozi ya cheti cha ufundi hutaka D, na aliye chini ya hapo ana ngazi ya artisan, yaani fundi wa ngazi ya chini kabisa. Anayeanzia chini hupanda. Mimi mwenyewe nilianzia kwenye cheti, na leo nina stashahada, ni fundi wa friji na viyoyozi, na watoto wangu wanasoma kwa kazi hii.

Ila si kila kozi yenye jina la ufundi hufundisha ufundi, na hili ndilo linalonikosesha usingizi ninapoona wazazi wanauza mbuzi walipe karo.

Nikueleze siku niliyoelewa tofauti yake. Nilikuwa kwenye atachimenti yangu ya pili, yaani mafunzo ya kazini ya mwanafunzi, kwenye chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki. Chumba hakipoi na samaki wanaanza kunuka. Mimi darasani nilikuwa mzuri. Nilijua kwamba gesi ya kupozea ya R134a, kwenye mkandamizo wa hewa ya kawaida, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na jedwali la mkandamizo na joto nilikuwa nalo kichwani. Nikaunganisha geji, vile vipimo vya mkandamizo, na upande wa mkandamizo wa chini ukasoma kidogo mno. Nikasema gesi imepungua, tuongeze.

Mzee niliyekuwa chini yake hakunijibu. Alishika paipu kabla ya draya, kile kichujio cha kunyonya unyevu kwenye gesi, akaishika baada ya draya, kisha akauchukua mkono wangu akauweka hapo hapo. Upande wa kuingilia una uvuguvugu, wa kutokea ni baridi.

"Imeziba hii, mwanangu. Ukiongeza gesi utakuwa umemwibia mwenye samaki pesa zake."

Tulibadilisha draya na chumba kikapoa. Jioni nikamuuliza kwa nini draya iliyoziba huwa na baridi upande mmoja. Akasema hajui, anajua tu ndivyo ilivyo, tangu ujanani. Hapo nikachora kwenye katoni: gesi iliyo majimaji inapita kwenye tundu dogo, mkandamizo unashuka, sehemu yake inachemka, na ikichemka inavuta joto la paipu. Aliutazama ule mchoro muda mrefu. Mkono wake ulijua jambo, daftari langu lilijua sababu yake, na kati yetu wawili hakuna aliyekuwa fundi kamili kabla ya siku ile.

Ndiyo maana nasema: tafuta cheti ambacho darasa na karakana vyote vina sauti ndani yake. Chini ya mtaala wa umahiri unaosimamiwa na TVET CDACC, baraza la mitaala na mitihani ya ufundi, haitoshi kujibu maswali ya karatasi. Unatazamwa ukifanya kazi, unakusanya ushahidi wa kazi zako, na unapewa hukumu kwamba umemudu au bado hujamudu. Ukiambiwa bado, unarudi kujifunza. Mimi naupenda utaratibu huu kwa moyo wote, maana friji haitoi maksi za huruma.

Basi kabla ya kulipa, nenda chuoni siku ya masomo, usiende siku ya sherehe. Hakikisha kina usajili wa TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, na kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa. Omba kuiona karakana. Tazama mashine zina alama za mikono au zina vumbi. Wanafunzi wangapi hugawana seti moja ya geji? Nani hutafuta nafasi ya atachimenti, chuo au mwanafunzi? Bima yake nani analipa? Ukijibiwa kwa kuzungushwa, una jibu lako. Hapa Mombasa tuna pa kuchagua. Chuo cha Tudor kilichoanza kwa jina la Mombasa Institute of Muslim Education, kikawa Mombasa Polytechnic mwaka 1972 na chuo kikuu cha ufundi mwaka 2013, kimewapa wazee wetu wengi kazi ya mikono. Iko Kenya Coast National Polytechnic, na anayetaka mambo ya bahari ana Bandari Maritime Academy.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye atachimenti ya kwanza, katika hoteli moja ya Pwani Kaskazini. Wiki za mwanzo nilitumwa chai na kubeba ngazi. Nilinyamaza kwa adabu. Daftari la kazi sikuandika chochote, nikingoja "kazi ya maana" ije. Mwalimu alipokuja kunikagua nilikuwa nimenakili daftari la mwenzangu usiku uliotangulia. Aliniuliza swali moja tu: kiyoyozi ulichoandika hapa kilikuwa na hitilafu gani? Sikuwa na la kusema. Nilirudia miezi mitatu yote, na mamangu alirudia kunitafutia nauli ya matatu. Kivuko cha Likoni ni bure kwa anayevuka kwa miguu, lakini ng'ambo ya pili safari bado ni ndefu.

Andika daftari kila jioni, kwa mkono wako, hata kama ulibeba ngazi tu. Andika ngazi iliwekwa wapi, fundi alifungua nini, ukaona nini. Feni za nje za viyoyozi vya ufukweni huliwa na chumvi. Hilo nililijua kwa kubeba ngazi. Na uombe kazi kwa heshima: "Mzee, leo naomba nikaze hizi mimi, wewe unitazame." Wengi hawakatai.

Yule mzee wa chumba cha samaki hakuwa na karatasi yoyote. Kazi kubwa zilimpita, zikaenda kwa watu aliowafundisha mwenyewe, kwa sababu zabuni hutaka vyeti. Iliniuma. Nikamweleza kuhusu mitihani ya gredi ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, inayomfaa hata aliyejifunzia kazini, inayoanzia gredi ya tatu na kupanda hadi ya kwanza. Tulikaa barazani kwake baada ya isha, mimi nikimsomea nadharia, yeye akinisahihisha vitendo. Alifaulu. Kama una baba au mjomba wa namna hiyo nyumbani, mpeleke kituo cha NITA hapa mjini akaulize.

Na wewe unayetafuta nafasi kwenye hoteli, usikimbilie Desemba. Wageni wamejaa, hakuna atakayekuruhusu kufungua mashine. Omba kipindi cha masika, Aprili hadi Juni, vyumba vinapokuwa vitupu na viyoyozi vinateremshwa ukutani kimoja kimoja kufanyiwa matengenezo. Barua ipeleke mwenyewe kwa miguu, umuulize mkuu wa matengenezo na si mlinzi wa getini, na iwe imefika kabla Februari haijaisha.