Mukawa au msunguti? Tazama miiba kwanza

Swali: Mwalimu, tumenunua shamba dogo upande wa Bahati, Nakuru, na mpakani kuna kichaka kinachonipita urefu. Hakipukutishi majani hata kiangazi. Majani ni magumu, yanang'aa, na maua ni meupe yenye wekundu kidogo, yananukia kama asumini. Jirani anasema ni mukawa, na watoto wanangoja matunda yaive. Nataka kukizalisha niweke uzio. Nitumie mbegu au vipandikizi?

Jibu: Mama, kabla ya habari ya mbegu, waambie watoto wasiyaguse matunda hayo. Halafu nenda ukaangalie miiba. Mukawa una miiba mikali iliyonyooka, nayo haifichiki. Katika picha zako sikuuona hata mmoja. Tena maua ya mukawa hutokea kwenye ncha za matawi, ila yako yamesongamana kwenye makwapa ya majani. Huo ni msunguti, ambao Wamaasai huuita olmorijoi. Utomvu mweupe usikudanganye: miti hii ni ya ukoo mmoja, na yote miwili hutoa utomvu huo.

Msunguti ndio mti wa sumu ya mishale. Wawindaji wa Afrika Mashariki walichemsha magamba na vijiti vyake mpaka ukawa uji mzito mweusi, wakapaka chembe za mishale. Sumu hiyo, ouabaini, hushika moyo. Hata kuna panya mmoja mkubwa wa manyoya marefu ambaye hutafuna gamba la msunguti kisha akajipaka mate hayo ubavuni. Mbwa akimng'ata anaweza kufa. Ni kweli wapo wanaokula nyama ya tunda lililoiva likawa jeusi. Lakini tunda bichi ni sumu, mbegu pia, na mtoto wa miaka mitano hawezi kupewa kazi ya kupambanua.

Kwa uzio sikushauri kabisa. Uzio hupogolewa kila mara, na kila ukipogoa utaacha vijiti vya sumu chini, mahali ambapo mbuzi hupita na watu huokota kuni. Kijiti cha msunguti kisichomekwe nyama ya kuchoma wala kukoroga chungu.

Uzio wako na uwe wa mukawa wenyewe. Chukua matunda yaliyoiva, osha nyama yote, sia mbegu zikiwa bado mbichi kwenye mchanga uliochanganywa na mboji. Miche ihamishwe mvua za masika zikishika, hatua moja kati ya mche na mche. Miiba itazuia ng'ombe, na matunda watoto watakula bila wasiwasi.

Kichaka kile cha zamani usikikate, tafadhali. Miti hii hukua polepole mno, na huo wako umekula miaka mingi. Zungushia waya, usipande kitu cha kuliwa chini yake. Ukitaka mmoja zaidi wa kupamba kona isiyofikiwa na watoto, utaoteshwa kwa mbegu vilevile: vaa glavu, tafuta udongo usiotuamisha maji, uuweke mche kwenye kivuli chepesi mwanzoni. Ukishashika mizizi huvumilia kiangazi bila kumwagiliwa.

Na kama tayari kuna mtoto aliyekula tunda bichi, usingoje dalili. Mpeleke hospitali sasa hivi, na ubebe tawi lenye majani ukamwonyeshe daktari.