Buluu Iliyopauka

Mwanangu,

Juzi tulipokuwa tunapanga kabati uliishika ovaroli ya marehemu baba yako ukaniuliza: "Mama, hii imepauka hivi, mbona huitupi? Na kwa nini kila kitu chako ni buluu, rangi ya baridi?" Nilicheka tu, maana ningejibu palepale ningelia.

Hiyo baridi sijui umeitoa wapi. Moto wa gesi ukiwa wa buluu unaunguza kuliko ukiwa wa njano.

Ovaroli ile ni ya jinzi, na jinzi hutiwa nili, ile rangi ya buluu. Nili haizami mpaka moyoni mwa uzi. Hukaa juujuu, ndani uzi ukabaki mweupe. Ndiyo maana panaposuguliwa sana panachuja. Itazame tena. Goti la kulia limekuwa jeupe, karibu litoboke, la kushoto bado lina rangi. Baba yako alipiga goti hilohilo moja kando ya magari ya watu miaka yote. Kwenye mfuko wa nyuma kuna mstari mwembamba uliopauka: hapo ndipo bisibisi ilipokaa.

Yeye ndiye aliyenieleza habari za nili, unajua alivyopenda kusoma. Kitambaa kikitoka kwenye pipa la nili huwa cha manjano yaliyoingia ukijani. Kikishapigwa na hewa, kinageuka buluu huku unakitazama. "Hewa tu!" alikuwa akisema, kana kwamba kabuni yeye. Zamani nili ilitoka kwenye majani. Mwaka 1897 Wajerumani wakaanza kuuza ya kiwandani, na majani yakakosa soko. Hapo alikuwa akiwasikitikia wakulima, hata chai inapoa.

Mapazia na shuka usiyahesabu. Nilikuwa natafuta buluu inayokaribiana na ile, sikuipata, nikabaki na hizo. Samawati ya angani nayo naipenda, lakini hiyo ni ya watu wote.

Kwa hiyo siitupi, wala usiifue. Ukija tena angalia kiwiko cha kushoto. Kuna kiraka nilichokishona mwaka uliozaliwa wewe, kwa kitambaa kipya, buluu iliyokolea mpaka baba yako akaona haya kukivaa mbele za watu. Sasa lazima upapase kwa kidole ndipo ujue kilipoanzia.

Mama yako