Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Huyu Kabaki na Yule Kaachwa?

Mwishoni mwa Julai timu 32 za NFL, ligi ya soka la Marekani, huingia kambini zikiwa na wachezaji 90 kila moja, na mwishoni mwa Agosti zinabaki na 53. Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu wapokeaji wa pembeni, vijana wanaokimbia njia zilizopangwa na kudaka pasi za kwotabeki, mrushaji wa timu. Hatushangai. Hao ndio wanaoonekana zaidi kwenye runinga, na kuachwa kwao ndiko kunakozua ubishi mkubwa.

SWALI: Ndugu wahariri, kijana ambaye hakuchaguliwa kwenye drafti (zamu za timu kuchagua vijana wapya) alidaka pasi 7 na kufunga tachidauni 2 katika mechi za maandalizi, kisha akaachwa. Mwenzake aliyedaka pasi 1 akabakizwa. Huu si upendeleo mtupu?

JIBU: Ndugu msomaji, upendeleo upo, tutaufikia. Ila kabla ya hapo, angalia kijana wako alidaka lini na mbele ya nani. Pasi ya robo ya nne ya mechi ya maandalizi hudakwa mbele ya walinzi ambao wengi wao nao wataachwa wiki hiyohiyo, na hurushwa na kwotabeki wa tatu. Kocha huipa uzito mdogo kuliko pasi moja ya robo ya kwanza dhidi ya konabeki (mlinzi wa pembeni) anayeanza. Zaidi ya hayo, makocha huwa wameshatazama mazoezi ya wiki kadhaa, yote yakiwa yamerekodiwa. Mechi tatu zenu za runinga ni kipande kidogo cha mtihani.

Pili, timu nyingi hubakiza wapokeaji 5 au 6. Watatu au wanne wa kwanza hujulikana kabla kambi haijafunguliwa. Vita iko kwenye nafasi ya tano na ya sita, na watu hao hawatafutwi kwa kudaka. Siku ya mechi, kati ya wachezaji 53, timu huruhusiwa kuvalisha 48 tu, tena endapo 8 kati yao ni wa safu ya mbele ya ushambuliaji. Vinginevyo ni 47. Mpokeaji wa sita asiye na kazi nyingine atakaa pembeni na nguo zake za kiraia. Kazi nyingine hiyo ni vikosi vya mateke: kufukuzia teke la kuanzisha, kuzuia kwenye teke la kuanzisha, kufukuzia teke la kuondosha mpira (timu inapowaachia wapinzani mpira kwa kuupiga mbali), na kumlinda mwenzao anayelirudisha. Ukitaka kumjua atakayebaki, usimtazame timu yake inaposhambulia. Mtazame dauni ya nne, yaani jaribio la mwisho, mpigaji teke anapoingia.

Mfano mkubwa ni Matthew Slater wa New England Patriots. Aliandikishwa kama mpokeaji mwaka 2008, akacheza misimu 16, akachaguliwa Pro Bowl, heshima ya nyota wa msimu, mara 10. Pasi alizodaka katika mechi za msimu wa kawaida kwa maisha yake yote ni 1.

Adam Thielen naye hakuchaguliwa kwenye drafti. Aliingia Minnesota Vikings mwaka 2013 kwa kupitia majaribio, akakaa kikosi cha mazoezi msimu mzima, na mwaka 2014 akapata nafasi kwa kazi ya mateke. Tachidauni yake ya kwanza ilitokana na kuziba teke la wapinzani na kulikimbiza mpaka mwisho. Pasi nyingi zilikuja baadaye, na Pro Bowl mbili pia.

Sasa upendeleo. Mchezaji aliyechaguliwa raundi ya pili amelipwa bonasi kubwa, na kumwacha hakuiondoi fedha hiyo kwenye hesabu za timu. Atavumiliwa msimu mmoja, pengine miwili. Aliyekuja bila drafti hugharimu kidogo kumwacha, kwa hiyo hawezi kulingana naye tu. Inabidi amzidi waziwazi. Hilo si haki, lakini ndivyo bajeti inavyofanya kazi.

Mtatutajia Victor Cruz, tunajua. Agosti 2010, akiwa New York Giants bila drafti, alidaka pasi 6 za yadi 145 na tachidauni 3 dhidi ya New York Jets, na akabakizwa. Lakini msimu huohuo alicheza mechi 3 bila kudaka hata pasi moja, kisha akaenda kwenye orodha ya majeruhi. Yadi zake 1,536 zilikuja mwaka 2011. Usiku ule wa Agosti ulimfungulia mlango tu.

SWALI: Naomba mnieleze hatua za kupunguza wachezaji. Zamani ilikuwa kwa awamu, siku hizi sioni awamu.

JIBU: Huzioni kwa sababu zimefutwa. Tangu 2023 kuna siku moja tu: Jumanne ya mwishoni mwa Agosti, saa 10 jioni kwa saa za mashariki mwa Marekani, kila timu iwe imeshuka kutoka 90 hadi 53. Piga hesabu: nafasi 37 mara timu 32, ni karibu watu 1,180 wanaopoteza nafasi kwa mpigo.

Aliyeachwa akiwa na misimu isiyotimia 4 inayohesabika hapati uhuru papo hapo. Jina lake huwekwa kwenye orodha ya waivu, na timu nyingine zina mpaka saa 6 mchana wa kesho yake kumwomba. Zikimwomba timu mbili, anapewa ile iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita. Mwenye misimu 4 na kuendelea huwa huru mara moja wakati huo wa mwaka. Msimu huhesabika mchezaji akiwa kwenye kikosi kamili kwa mechi 6 au zaidi. Wiki za kikosi cha mazoezi hazimo.

Ujanja wa timu uko hapo. Kijana aliyeng'ara sana kwenye runinga ni hatari kumweka kwenye waivu, maana atachukuliwa. Ndiyo sababu baadhi ya makocha wakishamwona kijana wanayemtaka humpumzisha mechi ya mwisho ya maandalizi. Mashabiki hudhani ameadhibiwa, kumbe anafichwa.

SWALI: Kikosi cha mazoezi ni ajira au ni kusubiri tu?

JIBU: Ni ajira, na si mbaya. Nafasi ni 16, na ya 17 hutolewa kwa mchezaji anayetoka mpango wa kimataifa. Kwa mwaka 2025 kijana alilipwa dola 13,000 kwa wiki. Kwa wiki 18 za msimu hiyo ilikuwa dola 234,000. Mgeni wa ligi aliyekuwemo kwenye 53 msimu huo mzima alipata angalau dola 840,000, kwa hiyo pengo ni kubwa. Anaweza kupandishwa kwa mechi moja na kurudishwa, lakini si zaidi ya mara 3 katika msimu wa kawaida kabla timu haijalazimika kumsajili kikamilifu. Timu nyingine pia inaweza kumchukua, mradi imweke kwenye 53 yake na imlipe kwa wiki 3.

SWALI: Mimi ni mpokeaji wa klabu ndogo ya vijana. Nina kasi, nadaka vizuri, lakini kocha ananiambia sijui kukimbia njia. Hawa wa NFL wanakaguliwa nini hasa?

JIBU: Kocha wako huenda yuko sahihi, kasi bila njia humsumbua kwotabeki wako mwenyewe. Tuanzie kabla mpira haujaanza kuchezwa, maana hapo ndipo vijana wengi hujichongea.

Sheria inataka washambuliaji wasiopungua 7 wawe kwenye mstari wa kuanzia. Mpokeaji wa nafasi ya X husimama juu ya mstari. Wa nafasi ya Z husimama hatua moja nyuma. X akirudi nyuma kidogo, wanabaki 6 na timu inaadhibiwa yadi 5. Z akisogea mbele upande wenye taiti endi (mchezaji wa mwisho wa safu ya mbele anayeruhusiwa kudaka), anamfunika, na taiti endi huyo haruhusiwi tena kupokea pasi. Dawa ni rahisi: ukishasimama, mtazame mwamuzi wa upande wako na umnyooshee mkono kuuliza kama uko juu ya mstari au nyuma yake. Kijana anayesahau hilo kwenye mechi ya maandalizi hufuta yadi za wenzake, na kocha huandika jina lake pembeni.

Kisha hatua ya kwanza. Simama mguu mmoja mbele, uzito mwingi ukiwa juu ya huo wa mbele, kifua juu ya goti. Kosa la kawaida ni kurudisha mguu nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele. Jirekodi kwa simu ukiwa umesimama ubavu kwa kamera, utaliona. Tiba yake ni kusukuma ardhi kwa mguu wa mbele na kuuleta wa nyuma mbele, mara kumi kumi, polepole kwanza.

Mlinzi akikubana uso kwa uso, usicheze ngoma. Mbwembwe moja au mbili zinatosha, kwa sababu kwotabeki anahesabu hatua zake na pasi itatoka ukiwepo au usipokuwepo. Katika NFL mlinzi anaruhusiwa kukugusa ndani ya yadi 5 za kwanza tu. Piga mikono yake chini, pitisha bega, halafu fanya jambo ambalo vijana hawalifanyi: rudi mbele yake, umweke mgongoni kwako. Ukimpita na kubaki ubavuni, bado yumo mchezoni. Na kwenye njia ya kukimbia moja kwa moja, usisukumwe mpaka mstari wa pembeni. Acha yadi kama 5, kwotabeki apate pa kudondoshea mpira.

Kukata njia ndilo somo refu kuliko yote. Njia ya kurudi kwa kwotabeki ikiandikwa yadi 12, ni 12. Ukikata kwenye 10 kwa sababu umechoka au umeogopa, mambo mawili huharibika: pasi iliyorushwa kwa wakati inapita ukiwa tayari umegeuka na mlinzi amekufikia, na pengine umeingia eneo la mwenzako ukamletea mlinzi wako. Kwenye dauni ya tatu zikiwa zimebaki yadi 11, njia ya yadi 10 ni zawadi kwa wapinzani. Wakati wa kukata, shusha nyonga, kifua kibaki juu ya vidole vya miguu, punguza kasi kwa hatua 3 fupi. Wengi husimama wima hatua mbili kabla, na mlinzi mzoefu anatazama hilo tu: kiuno na kifua. Akikuona unainuka, anakata pamoja nawe.

Akilini nako kuna kazi. Njia nyingi hubadilika kufuatana na ulinzi. Walinzi wakilinda maeneo, tafuta uwazi na utulie humo. Wakifuata mtu na mtu, endelea kukimbia. Mlinzi wa ziada akimvamia kwotabeki, fupisha njia na ugeuze kichwa mapema. Kwotabeki akirusha mahali ambapo hakuna mtu, mtangazaji humlaumu yeye. Chumba cha video mara nyingi humlaumu mpokeaji. Na mgombea wa nafasi ya tano lazima ajue X, Z na nafasi ya ndani, karibu na safu ya mbele, kwa sababu akiumia yeyote yule, ndiye anayeingia.

Kudaka tumekuachia mwisho makusudi, maana umesema unakuweza. Mpira ukija juu ya kifua, vidole gumba vikutane; ukija chini ya kiuno, vidole vidogo vikutane. Macho yaufuate mpaka uingie kwapani. Mipira mingi inayoanguka haitokani na mikono mibovu. Mtu ameinua macho kutafuta pa kukimbilia kabla hajamaliza kazi ya kwanza.

SWALI: Je, mguu mmoja ndani ya mstari unatosha?

JIBU: Vyuoni unatosha. NFL ni miguu yote miwili. Kijana aliyezoea mguu mmoja kwa miaka minne hulazimika kufundisha mguu wa pili uburuze vidole kabla mwili haujatoka. Hilo hufanyiwa mazoezi kila siku pembeni ya uwanja, mara nyingi baada ya wengine kuondoka.

SWALI: Kurudisha mateke kuna faida gani siku hizi, wakati mipira mingi huishia eneo la mwisho bila kukimbizwa?

JIBU: Taarifa yako imepitwa na wakati kidogo. Mwaka 2024 teke la kuanzisha lilibadilishwa: wafukuzaji 10 husimama kwenye yadi ya 40 ya timu inayopokea teke na hawasogei mpaka mpira uguse ardhi au mtu. Mwaka 2025, teke linalotua moja kwa moja eneo la mwisho likaanza kuipa timu hiyo mpira kwenye yadi ya 35 badala ya 30, na timu zikaona afadhali kupiga fupi na kukimbizana. Kwa hiyo mrudishaji mwenye mikono salama amepanda thamani.

Mikono salama ndiyo sharti la kwanza, hata kabla ya kasi. Kwenye teke la kuondosha mpira, kanuni ya zamani ni kuweka visigino kwenye yadi ya 10 na kutorudi nyuma: likipita juu ya kichwa chako, liache, huenda likaingia eneo la mwisho na timu ikaanzia yadi ya 20. Kijana anayerudi nyuma akadakia kwenye yadi ya 4, kisha akaangushwa hapohapo, amekosea hata kama hakuudondosha. Na akiudondosha mara moja katika mechi za Agosti, kwa kawaida hatumwoni tena kwenye kazi hiyo mpaka mwakani, kama mwakani atakuwepo.

SWALI: Nikitazama mechi ya maandalizi, niandike nini?

JIBU: Andika robo ambayo kijana ameingia, kwotabeki aliyekuwa naye, na kama alikuwa kwenye kikosi cha kwanza cha mateke. Timu yake inapokimbia na mpira badala ya kurusha pasi, tazama kama anamzuia konabeki wake kwa mikono iliyo ndani ya kifua cha mpinzani au anasimama kutazama. Hesabu adhabu zake. Pasi alizodaka utazikuta gazetini kesho yake.